Mkwe Ndani ya Duara

Sifa mwanangu,

Umeenda kusukwa, na baba yako ametoka kumtafuta mtu wa kukaza mizigo kwenye pikipiki kesho alfajiri. Nyumba imebaki na mimi na ngurumo za mvua isiyotaka kunyesha. Nimekaa mlangoni, karatasi iko juu ya sinia, na jua la alasiri limeingia mpaka miguuni kwangu. Barua hii nitaiweka katikati ya vitenge vyako, chini kabisa, mahali ambapo mkono wako hautafika mpaka uwe umefungua mizigo Kabambare. Kwa hiyo wewe unayesoma unajua tayari jioni ya leo ya kukuaga ilikwendaje kule kwenye sale, ule ukumbi wa parokia. Mimi ninayeandika bado sijui. Ni ajabu kidogo kumwandikia mtu ambaye amenitangulia.

Sitakuandikia habari za chumvi, wala za kuamka mapema, wala za jinsi ya kumjibu mama mkwe wako. Shangazi zako wamekwambia hayo wiki nzima, mpaka nikayaonea huruma masikio yako. Nataka kuandika juu ya duara letu la dansi, ambalo mwitaji wake ni mimi, na juu ya swali lako la Jumapili, lile uliloniuliza tukipembua mchele, nami nikajifanya natafuta mawe kwenye ungo.

"Mama, siku ya kuniaga, utaingia mu duara ao hapana?"

"Nitaita nikiwa inje."

"Juu ya nini inje? Miaka yote uliitia mule ndani."

"Sifa, tuache mambo ya duara."

"Basi ni ndoa yangu ndiyo inakutoa mule," ulisema, ukainuka, na ungo wako ukabaki pale na mchele wake.

Nilikusikia ukilia nyuma ya jiko. Sikukufuata. Nilijua ukiniuliza tena nitakupa uongo mwingine, na uongo wangu huonekana usoni, unalijua hilo tangu mdogo. Basi nakujibu hapa, ambapo uso wangu hauonekani.

Kwanza ujue kwamba mchumba wako Musafiri nampenda. Nilimpenda kabla yako, ukitaka ukweli. Alipofika kutoka Kabambare kuja kutengeneza pikipiki karibu na soko, alikuwa na mabega magumu kama mtu aliyebeba mlango, na ni mimi niliyeyashusha kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nikimwambia, "Legeza, baba, hakuna mutu anakupiga hapa." Nilimfundisha kumgeuza mwanamke bila kumvuta, na kumngoja nusu ya pumzi kabla ya kumpokea. Wewe ulipoanza kuchelewa kurudi baada ya mazoezi, nilijua sababu, nikakaa kimya kwa raha zangu.

Lakini tangu watu wake walete mahari, kijana ananikimbia kama desturi inavyotaka. Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni na dumu langu la mawese, tukakutana uso kwa uso kwenye kona ya msikiti. Alikata usukani akaingia mtaroni na pikipiki yake yote. Akachuchumaa humo humo ndani ya maji machafu, akainamisha kichwa na kusalimia gurudumu. Mimi nikaitikia nikiangalia paa la msikiti. Wauza mkaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka nilipofika nyumbani, halafu kicheko kikakatika, nikakaa. Mkono niliouzoea kila Jumamosi sitaushika tena maisha yangu yote. Desturi hiyo ni yangu, nimelelewa nayo, siipingi. Ila duara haliulizi nani ni mkwe wa nani. Linazunguka, na kila aliye ndani yake mwishowe hufika mkononi mwa kila mtu.

Niache nikusimulie lilivyoanza, maana wewe ulikuwa bado unabebwa.

Watu walikuwa wamerudi kutoka porini, vita vimetulia kidogo, na sale ya parokia ilikuwa haina milango. Alikuja dereva mmoja wa lori la misioni, jina lake Deo. Alikuwa ameishi Lubumbashi, na huko alijifunza kwenye klabu fulani dansi ya Wakuba, ile salsa ya watu wengi katika duara. Siku ya kwanza alifungua boneti ya lori, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaupitisha dirishani mpaka kwenye redio yake, na muziki ukaanza. Hatukuelewa neno hata moja la nyimbo zile. Bado naiona sale ile kama naiota: vumbi limesimama kwenye mwanga, wanawake wenye majembe wamejaa dirishani, na harufu ya mihogo iliyolowekwa ikitoka nyumba za jirani.

Mama yangu, Koko wako, alikuwa mmoja wa wale wa dirishani. Alikuwa mjane, mikono yake yote udongo wa shamba. Alisikiliza kidogo, akaegemeza jembe lake ukutani.

"Hii mbona iko yetu?" alisema. "Cha-cha-cha hii. Tulicheza kwa gramafoni ya mwalimu, nikiwa ningali msichana."

Akaingia, peku vilevile, na Deo akasimama kumwangalia. Kiuno chake kilikuwa kinajua kitu ambacho sisi wengine tulikuwa bado tunakihesabu kwa midomo.

Deo alitufundisha taratibu. Jozi zinasimama katika duara, na mtu mmoja anaita. Akiita "Nipe", kila mwanamume anamwachia mwanamke aliye naye na kumpokea wa jirani. Deo aliita kwa Kispanyola, sisi tukageuza miito kwa Kiswahili, kwa sababu mguu hautii neno usilolijua. Alitufundisha na bachata pia, lakini ile ni ya kukumbatiana, na paroko alikuwa na tabia ya kupita dirishani. Tuliicheza tukiwa mbalimbali kiasi kwamba mbuzi angepita katikati bila kumgusa mtu. Duara ndilo tulilolipenda. Mimi nilicheza wewe ukiwa mgongoni. Nikigeuzwa ulizunguka nami, nikipokelewa ulipokelewa nami, na ulipita mikono yote ya mji wetu wa Kasongo ukiwa umelala, mate yako yakinilowesha bega. Labda ndiyo maana hujawahi kuogopa watu.

Sasa baba yako alikuwa mchezaji, na Koko alikuwa mchezaji. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawagusani, hawali pamoja, hata kikombe hawapokezani. Utawawekaje ndani ya duara moja? Mahali pengine mmoja wao angeambiwa abaki nyumbani. Sisi tulitunga mwito wetu, "Ruka": kila mwanamume anamwacha mwanamke anayefuata apite na kumpokea wa pili. Koko akikaribia kumfikia baba yako, Deo aliita "Ruka", na watu wote wakaruka, na heshima ikabaki mahali pake. Deo alisema kwamba hata Wakuba wana mwito kama huo, ila wao hawakuwa na shida yetu. Koko alipenda sana hilo. Alisema ni mara ya kwanza kuona ngoma nzima ikisogea kwa ajili ya mjane.

Deo alipohamishiwa Kindu, mimi nikawa mwitaji, kwa sababu ya sauti yangu ya kuuza mawese. Kazi ya mwitaji ni kuwa na macho mawili ya ziada. Moja nililiweka kwa Koko na moja kwa baba yako, na nilijivunia, Sifa. Nilidhani mimi ndiye ninayewabeba wote wawili.

Halafu ikaja kwaya kutoka Kabambare kwa sikukuu ya parokia. Baada ya misa walijazana kwenye sale kutuangalia, nasi tukang'aa. Niliona vinywa vyao vimeachama, nikataka viachame zaidi. Nikaanza kuita haraka, "Geuza, Nipe, Geuza, Nipe, Nipe," na kwa muda ule sikuwa na macho ya kumwangalia mtu yeyote ila wageni. Na baba yako akaupokea mkono wa Koko.

Naikumbuka kama ndoto, haina sauti. Miguu yao ilimaliza mgeuko kabla vichwa havijajua. Na walicheza vizuri. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Kwa mgeuko ule mmoja walikuwa wachezaji wawili wazuri kuliko wote mle ndani. Kisha Koko akainua macho akaona ni nani. Aliuchomoa mkono wake kama kwenye maji ya moto, akakaa chini pale pale sakafuni, akajifunika kitenge kichwani. Baba yako alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma. Muziki ukaendelea, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Mimi nilimwendea mama yangu mbele ya wageni wale wote nikasema, "Mama, inuka. Ni muchezo tu."

Alinitazama kutoka chini ya kitenge. "Kama ni muchezo tu," alisema, "basi hautapungukiwa nikitoka."

Baba yako alipeleka kuku, wazee wakamla, na kwa desturi jambo likaisha. Lakini haikupita muda akaenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu sabuni na chumvi. Alisema ni biashara tu, na biashara kweli ilikuwepo, wala silalamiki. Ila ulikua ukimpokea baba yako kama mgeni, ukimletea maji ya kunawa na kumwuliza atakaa mpaka lini, na mimi nilijua amekimbia nini. Wanaume huona aibu kwa muda mrefu kuliko wanavyosema.

Koko hakuingia tena. Kila Jumamosi alikuja na kigoda chake, akakaa nje chini ya dirisha, akimenya karanga. Mikono yake ilikuwa kwenye karanga, na chini ya kitenge miguu yake ilifuata kila mwito wangu. Hata "Ruka" aliifuata, peke yake, pale nje. Nilimwona nikiwa ndani. Kila Jumamosi nilisema leo nitakwenda nimwambie. Nimwambie kwamba haukuwa mchezo tu, na kwamba nilijua haukuwa. Nilikuwa na miaka ya kutosha ya kusema maneno hayo machache, na sikuyasema. Alituacha wewe ukiwa darasa la nne la sekondari, na siku tuliyomzika niliona nyayo za miguu yake, nikashindwa kuimba pamoja na wengine.

Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa wapi. Kuita vibaya si neno, kila mwitaji huita vibaya siku moja. Nadhani nilikidogosha kitu alichokipenda ili kosa langu nalo lionekane dogo. Na nimelirudia kosa hilo na watu wengine, hata na wewe, Jumapili ile. Ulikuwa unaniuliza kama nakuaga kwa moyo mmoja, nami nikakujibu kana kwamba unauliza juu ya nafasi ya kusimama. Huko uendako utawaumiza watu, usifikiri hutawaumiza. Utamkosea Musafiri, utamkosea mama yake. Ikitokea, kaa nalo kwanza jinsi lilivyo kubwa. Mimi hilo nimelijua nikiwa na mvi, na bado linanitoka mkononi.

Sasa nikwambie kilichotokea shambani.

Unakumbuka wavulana walivyokwisha. Dhahabu ya Salamabila iliwachukua mmoja mmoja, mpaka Jumamosi moja tukawa na wanawake tupu, na wengine wakasema tufunge sale twende nyumbani. Wewe ulichukua kitambaa chekundu ukakifunga kwenye mkono wako. "Leo mimi niko mwanaume," ulisema, "musinicheke." Wenzako wakafunga vitambaa vyao, na duara likaendelea. Mpaka leo nusu ya wanaume wetu ni wasichana wenye vitambaa. Nimekaa nikiwaita miaka yote hiyo, nikiwaangalia kwa macho yangu haya, na sikuona kilichokuwa mbele yangu.

Jumatatu, siku moja baada ya wewe kulia, nilikuwa napalilia mihogo. Nilikuwa nakuwaza, nakuona na kitambaa chako, unavyompokea mwanamke huyu na kumwachia na kumpokea mwingine. Nikasimama. Mtu wa upande wa wanaume hapokei mwanamume. Anapokea wanawake tu, tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha. Nikicheza upande wa wanaume, mimi na Musafiri tutakuwa katika duara moja jioni nzima, na duara halitatukutanisha hata mara moja, hata kama nitasahau kuita "Ruka".

Jembe lilinitoka mkononi. Nilikaa kwenye tuta nikalia kwa sauti, na sikulia kwa furaha, nilimlilia Koko. Njia ilikuwepo, mwanangu. Alikaa nje ya dirisha lile na karanga zake, na dawa yake ilikuwa kitambaa tu, ambacho ningeweza kumfunga mimi mwenyewe siku yoyote. Hakuna atakayenirudishia jambo hilo.

Tangu siku hiyo najifunza. Ni kazi, usione wewe ulivyoiweza ukiwa mdogo. Maisha yangu yote nimeanza na mguu wa kulia kwenda nyuma, sasa naanza na wa kushoto kwenda mbele, na miguu yangu inagombana kama wake wenza. Najizoeza katikati ya mihogo, nikilishika jembe kama mwanamke ninayemwongoza. Jirani yetu wa shamba la pili, mama Katarina, alinitazama siku nzima mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mama Sifa, unakanyaga nini mule?"

"Panya," nilimjibu.

"Hao panya wako wengi sana," alisema, akarudi kwenye karanga zake, na nadhani ameshasambaza habari zangu hadi ng'ambo ya soko.

Safari hii sikutaka kuamua peke yangu na kuwaambia watu ni mchezo tu. Nilikwenda kwa shangazi wa Musafiri, yule mkubwa aliyefuatana na mahari, nikamweleza yote, na ya Koko pia. Alinisikiliza akitafuna kokwa ya kola. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli mikono yetu haitagusana. Nikamchorea duara kwa kijiti kwenye udongo, huku wanaume, huku wanawake.

"Kama hamugusane, mimi siko na neno," alisema mwishoni. "Lakini yule mutoto akikuona anaweza kukimbia. Nitasimama ku mulango."

Kwa hiyo shangazi atakuwa mlangoni. Baba yako nilimwambia asubuhi hii. Alianza kufuta kioo cha pikipiki ambacho kilikuwa safi. Halafu akaniuliza, "Na mimi kuna nafasi?" Miaka yote hii, Sifa, hajakanyaga sale ile. Nilimwambia nafasi ipo. Akaendelea kufuta kioo.

Wewe sijakwambia, kwa sababu ninaogopa. Ninaogopa kwamba nikiona watu wa Musafiri wamekaa kwenye mabenchi, na wewe umesukwa vile, miguu yangu itarudi kwenye tabia yake ya zamani. Au nitasimama mlangoni nishindwe kuingia, na utaniona nje ya dirisha, na utafikiri ni yale yale niliyokwambia Jumapili. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi shika barua hii badala yake. Nilikusudia kuingia. Nilijifunza kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule niliyemchelewea.

Kuna jambo moja ambalo upande huu wa wanaume umenifundisha, na nilikuwa silijui. Maisha yangu yote katika duara nilikuwa ninayekwenda. Mwanamke anapelekwa mbele, mkono hadi mkono, na kila mkono ni mpya, hana haja ya kutazama nyuma. Aliyebaki amesimama ndiye anayeachia, tena na tena, na kazi yake ni kuachia kwa wakati. Akishikilia, duara lote linakwama. Nilimwachia mwanamke wa jembe kule shambani mara nyingi bila shida yoyote. Jembe halina uso.

Jua limeshuka kwenye sinia, nasikia sauti yako njiani, unacheka na wenzako. Nitaikunja sasa hivi. Yule shangazi amekubali nijipange karibu na Musafiri, yeye baada yangu, kwa hiyo wewe ukitoka kwangu utakwenda kwake. Utanifikia. Nitakushika, nitakugeuza mara moja, taratibu, nikuone vizuri na nywele zako. Halafu mwitaji ni mimi, na hakuna mwingine wa kuita. Nitaita. Ukiona nimechelewa kidogo kukuachia, usifikiri nimepoteza mdundo.

Mama yako